Firigisi Niliyokula kwa Unyenyekevu

Mimi si mtu wa safari. Kitanda changu na duka langu viko chini ya paa moja hapa Kibomet, mtaa wa Kitale, na katikati palikuwa na mlango ambao niliung'oa kwa sababu ulikuwa ukinichelewesha. Ninauza misumari, rangi, bawaba na vipande vya bomba. Anayenitafuta ananipata kwenye stuli yangu mlangoni, na asiyenitafuta ananiona vilevile.

Kanisani ninafundisha darasa la uanafunzi, lile ambalo mtu aliyeokoka hupitishwa masomo kumi na mawili kabla ya kuingia majini. Nimelifundisha miaka mingi. Wanafunzi wangu wengine sasa ni mashemasi. Mmoja ni mchungaji upande wa Lodwar, na mwingine ana kanisa lake mwenyewe, lenye spika zinazosikika mpaka dukani kwangu. Mimi ningali darasani. Mke wangu, Mama Shiku, husema kwamba wenzangu wote wamekua, mimi nimekuwa dawati.

Basi Jumatano moja Pasta alikuja dukani na hakununua kitu, nikajua pana jambo. Kanisa letu lina tawi dogo ng'ambo ya Chwele, kaunti ya Bungoma. Mwalimu wa huko alikuwa amehamishwa kikazi, na darasa lake lilikuwa limebakiza masomo mawili. Ubatizo ulikuwa Jumapili.

"Wewe Baba Shiku ndiye unayajua masomo," Pasta akasema.

"Nayajua nikiwa hapa," nikamwambia.

"Huko ni yale yale."

Nikataja mgongo wangu. Nikataja mvua. Nilipofika kwenye kuku, Mama Shiku alifungua pazia, akatoka na mwiko mkononi.

"Kuku nitalisha mimi. Wewe huwa unawaangalia tu. Na huo mgongo si utaenda nao?" Kisha akanigeukia kama mtu mwenye swali la kawaida. "Lile somo la kwenda kwa watu ni la ngapi?"

"La kumi na moja."

"Na miaka hii yote umelifundisha ukiwa umekaa kwa hiyo stuli."

Pasta aliangalia misumari. Nikaenda kutafuta begi.

Alhamisi asubuhi niliondoka Kitale katika pikapu ya muumini mmoja ambaye hupeleka vitunguu soko la Chwele. Nilikaa mbele na dereva, nimepakata kiondo kilichobeba mto wangu wa kulalia. Najua watu husafiri bila mto. Watu hufanya mambo mengi. Dereva aliutazama mto, akaitazama barabara, na tulipofika Kiminini akaniuliza kama nimewahi kufika huku. Nikamwambia nimepita. Sikumwambia kwamba siku hiyo nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Kimilili tulisimama ili gurudumu litiwe upepo na sisi tutiwe chai. Mlima Elgon ulikuwa umejifunika wingu mpaka kiunoni. Mama mmoja anayeuza ndizi alikiona kiondo changu, akasogea.

"Baba, unaenda kulazwa?"

"Hapana, Mama. Naenda kufundisha."

"Pole," akasema, akaniongezea ndizi moja juu ya zile nilizonunua.

Adhuhuri tulifika Chwele. Ilikuwa siku ya soko, na dereva aliniteremsha katikati ya nyanya, kabichi na ng'ombe waliokuwa wakitembea kama wenye mji. Hapo nilipokewa na Simiyu, mwenyeji wangu, mkulima wa mahindi na miwa. Ni mtu mrefu, mpole, wa kuinama kidogo anapoongea nawe ili usijione mfupi. Alikichukua kiondo bila kuuliza kilichomo, na kwa hilo nikampenda papo hapo.

Tulipanda bodaboda mpaka kwake, kilima kimoja baada ya kingine. Mkewe, Mama Nekesa, alitupokea kwa ugali na mboga ya kunde, akaniambia nijisikie nyumbani. Nikamweleza kwamba nyumbani ndiko ninakojisikia vizuri zaidi, kwa hiyo nitajaribu.

Jioni hiyo nilifundisha somo la kumi na moja katika kanisa la mabati. Nilisimama. Wanafunzi walikuwa wachache, na Simiyu ndiye aliyekuwa akiuliza maswali. Tulipokuwa tukirudi kwake nilimwambia kwamba yuko tayari kabisa kwa Jumapili.

"Bado, mwalimu," akasema. "Ile somo ya sita bado inanisumbua."

Somo la sita linahusu mtu aliyeleta sadaka yake madhabahuni, akakumbuka kwamba nduguye ana neno juu yake. Anatakiwa kuiacha sadaka palepale, aende akapatane naye kwanza. Ni somo fupi. Huwa ninalimaliza kabla ya mvua kuanza.

Simiyu akanisimulia. Ana kaka mkubwa, Wekesa, mwenye hoteli Bungoma mjini. Baba yao alipofariki mwaka juzi, Wekesa alimwalika yule mzee wa kimila ambaye Wabukusu humwita baada ya maziko ili auzungumzie ukoo na kuwafariji waliobaki. Simiyu alikuwa ameokoka juzi juzi. Mhubiri mmoja mgeni akasema mzee huyo asipewe nafasi, na mzee akarudishwa akiwa ameshafika kwenye lango la boma. Aliyeaibika ni Wekesa, aliyemwalika. Tangu siku hiyo ndugu hawa wawili hawajala pamoja.

"Sitaki kuingia kwa maji kabla nikule na ndugu yangu," Simiyu akasema. "Kesho anakuja. Nimempigia simu na amekubali. Mama Nekesa atachinja jogoo. Nimefurahi hata wewe uko, mwalimu. Utatusaidia."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilisema hivyo kwa sauti ninayoitumia dukani mtu anapouliza kama rangi itashika.

Ijumaa mchana Wekesa alifika amevaa koti. Ni mnene kuliko Simiyu na ana macho ya mtu anayehesabu sahani zikitoka jikoni. Alinisalimia vizuri. Alikaa pale alipoonyeshwa, akauliza habari za mahindi, akajibiwa, akauliza za miwa, akajibiwa. Habari za shamba zikaisha. Mama Nekesa akaleta maji ya kunawa, kisha ugali, kisha bakuli la kuku, akaliweka mezani mbele ya Wekesa. Simiyu akaomba baraka kwa chakula.

Hakuna aliyenyoosha mkono.

Mimi nilikaa nikingoja mwenyeji aanze. Simiyu alikuwa ameangalia bakuli, Wekesa ameangalia ukuta. Simiyu alifungua mdomo, akaufunga. Kimya kikakua mpaka nikasikia ng'ombe wa jirani akicheua. Hapo nikakumbuka kwamba nimeletwa kusaidia. Katika somo la tisa huwa ninasema kwamba aliyekomaa hajichagulii kipande kinono. Nikaona huu ndio wakati wa kuvunja ugumu ule kwa mfano mwema. Juu kabisa ya bakuli palikuwa na kipande kidogo kuliko vyote. Nikaviacha vipaja, nikaviacha vidari, nikachukua kile kidogo. Ilikuwa firigisi. Nikaitafuna.

Sasa nieleze kidogo. Wazazi wangu walikuja Trans-Nzoia, eneo hili la Kitale, wakitokea upande wa Mlima Kenya. Kwetu heshima iko kwenye mbuzi, na hapo tunajua kila mfupa ni wa nani. Lakini kuku ni kuku. Kwangu firigisi hupewa mtoto aliye karibu na jikoni. Nimekaa Kitale maisha yangu yote, nikizungukwa na majirani Wabukusu, ambao wamenialika kwao mara nyingi. Mara zote nimewashukuru, nikabaki nyumbani.

Nilipomeza, Wekesa alichukua kipande cha shingo, akala matonge mawili, matatu, bila haraka. Kisha akanawa mikono.

"Nimekumbuka niko na watu wananingoja Bungoma," akasema. "Asanteni kwa chakula. Mwalimu, karibu Bungoma."

"Asante sana," nikamjibu, nikafurahi kwamba tumeelewana.

Simiyu alimsindikiza mpaka barabarani na hakurudi. Alipitia shambani.

Baada ya hapo Mama Nekesa alikuja kuondoa vyombo. Alitazama bakuli, akanitazama mimi.

"Mwalimu, firigisi ilienda wapi?"

"Niliila mimi."

Aliketi. Nadhani kwa ugeni wangu hakutaka kusema, lakini mambo mengine hayakai tumboni. "Huku firigisi ni ya mkubwa wa boma, mwalimu. Baba yao akiwa hai ilikuwa yake. Alipoenda, mkubwa ni Wekesa. Simiyu alikuwa ampatie na mkono wake, mbele ya watu, amwambie, 'Hii ni yako.' Hiyo ndiyo ilikuwa maneno yote. Hiyo kuku ingine ilikuwa tu ya kushikilia sahani."

"Nilichukua kile kidogo," nikasema. "Kwa unyenyekevu."

"Nimeona," akasema Mama Nekesa.

Aliinuka na vyombo, na nilipomwona mabega yakitikisika jikoni sikujua kama analia au anacheka. Baadaye niliuliza. Alikuwa akifanya yote mawili.

Jumamosi alfajiri nilimwomba Mama Nekesa aniuzie kuku mmoja, akanipa yule mkubwa kwa huruma. Nilitoa mto kwenye kiondo, nikamtia kuku, kichwa nje. Simiyu alikuwa ameshakwenda kukata miwa. Tangu jana hakuwa amenilaumu hata kwa neno moja, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko lawama. Nikapanda bodaboda mpaka Chwele, na kutoka Chwele nikapata gari la Bungoma. Nataka ijulikane kwamba hakuna aliyenituma. Ni mara ya kwanza katika utu uzima wangu kwenda mahali bila kusukumwa.

Bungoma mjini nilimuuliza mtu wa kwanza niliyemwona iko wapi hoteli ya Wekesa. Akanionyesha. "Ile ya kuku," akasema.

Nilisimama barabarani kidogo na kiondo changu. Hili sikuwa nimeambiwa. Nilikuwa nimesafiri kutoka kilimani na kuku mmoja kumwomba msamaha mtu anayepika kuku kuanzia asubuhi hadi jioni.

Wekesa alikuwa amefunga aproni, amesimama kati ya jiko na meza. Wateja walikuwa wakinywa supu. Alinitambua mara moja.

"Wewe si ndiye ulikula?"

"Ni mimi."

"Na umeleta kuku."

"Nimeleta."

"Kuja hapa." Akanipeleka jikoni, akafunua sufuria. Ilikuwa imejaa firigisi tupu, zimekaangwa kwa vitunguu. "Unaona? Hizi ni za leo asubuhi. Watu wa hapa wanapenda na pilipili. Unafikiri nilifunga hoteli siku ya Ijumaa, siku ya wateja, nipande mpaka kule juu kufuata firigisi moja?"

Nilimwambia sasa siwezi kufikiri hivyo.

Alinirudisha mezani na kuwageukia wateja wake. Aliwasimulia habari yote kwa utulivu, kama mtu anayesoma risala, akanionyesha kwa mkono pale panapohusika.

"Na ilikuwa tamu?" mzee mmoja akaniuliza.

"Ilikuwa ngumu kidogo."

"Ya jogoo huwa ngumu," mzee akakubali.

Mama mmoja aliyekuwa amekaa dirishani akanitetea. "Wekesa, huyu si ni Mkikuyu wa Kitale. Hao hawajui. Hao heshima yao iko kwa mbuzi."

"Hata mbuzi anajua kungoja," Wekesa akasema, na hoteli yote ikacheka. Nami nikacheka, maana hapakuwa na pa kukimbilia. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akashusha sauti.

"Nikuulize, mwalimu. Wakati ulikuwa unatia mdomoni, uliangalia nani?"

"Sahani."

"Mimi niliangalia Simiyu. Aliona mkono yako ikienda. Angesema tu, 'Mwalimu, ngoja, hiyo ni ya huyu.' Ungekasirika?"

"Ningeirudisha."

"Alinyamaza. Juu wewe ni mgeni wa kanisa. Siku tulizika baba, mgeni wa kanisa alisema ule mzee arudi kwao, na Simiyu akanyamaza. Mimi sichukii kanisa yenu. Bibi yangu anaenda kanisa. Lakini kila saa kanisa ikiingia kwa boma ya baba yangu, mimi nakuwa mtu wa nyuma."

Sikuwa na somo la jambo hilo. Nilitafuta katika yote kumi na mawili, nikaona kwamba yote nimeyafundisha nikiwa upande wa hao wageni wa kanisa. Nikamwambia tu kwamba ninaomba msamaha, si kwa firigisi, ila kwa kuja kusaidia kabla ya kuuliza.

"Wewe nimekusamehe kitambo," akasema. "Wewe ni kichekesho tu."

"Nimwambie nini Simiyu?"

"Usimwambie kitu. Yeye mwenyewe ako na miguu." Akainuka. "Kunywa chai. Na hiyo kuku rudi nayo, hapa itachanganyika na zingine."

Alasiri nilifika kwa Simiyu, nikamkuta akipukuchua mahindi nyuma ya nyumba. Nilikaa, nikachukua hindi, nikaanza kupukuchua pia, kwa kuwa ni rahisi kusema jambo gumu mikono ikiwa na kazi. Nikamwambia kila kitu, hata yale niliyokatazwa. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Kumbe aliniona," akasema mwishowe.

"Aliona."

"Nilitaka kusema, mwalimu. Maneno ilikuwa hapa." Akagusa koo. "Nikafikiri, mwalimu atasema huyu bado anafuata mila, hajakua."

Nilipukuchua hindi lile mpaka likabaki gunzi tupu. Kumbe mtu huyu alinyamaza kwa sababu yangu, ili nimpe alama nzuri.

Akachukua hindi jingine. Kisha akasema, "Siku Wekesa anakaa chini akule ni Jumapili, saa sita hivi. Siku zingine anakula akiwa amesimama. Kesho ndiyo siku."

Kesho ndiyo siku ya ubatizo pia. Pasta alikuwa anakuja kutoka Kitale na kwaya, na Simiyu alikuwa amepangiwa kutoa ushuhuda. Nilijua jibu lililo rahisi. Abatizwe asubuhi, tupigwe picha, aende kwa kaka yake wiki ijayo. Mimi ningerudi Kibomet na ripoti nzuri, na Pasta angenisifu mbele ya watu. Jibu hilo lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nililimeza, na lilikuwa gumu kuliko ile firigisi.

"Wewe unaonaje?" nikamuuliza. Nadhani ni mara ya kwanza kumuuliza mwanafunzi swali ambalo sikuwa na jibu lake.

"Naona nikienda kwa maji kwanza, Wekesa atakuwa wa nyuma tena."

"Basi nenda kwake."

"Na Pasta?"

"Pasta niachie mimi," nikasema. Maneno hayo yalitoka kabla sijayakagua.

Jumapili asubuhi mto ulikuwa na maji ya kutosha na watu wa kutosha. Pasta alivaa gambuti na kanzu juu yake. Kwaya ilikuwa imepanga mistari kwenye nyasi, na kina mama walikuwa wamebeba leso za kuwafunika watakaotoka majini. Simiyu alikuwa ameondoka mapema, amevaa shati lake la kanisani, bila begi wala kuku. Mama Nekesa alisimama kando yangu. Alikuwa ameshika leso ambayo haikuwa na mtu.

Pasta alihesabu watu kwa macho. "Simiyu yuko wapi?"

"Ameenda Bungoma."

"Bungoma? Leo?"

"Ameenda kula na kaka yake."

Pasta alinivuta pembeni, maji yakimtiririka kwenye gambuti. "Baba Shiku, nilikutuma ulete watu kwa maji, si uwatoe."

"Ndiyo, Pasta."

"Nani alimwambia aende?"

"Yeye mwenyewe. Na mimi nikamwambia aende."

"Si angeenda kesho?"

"Angeweza."

"Sasa?"

Mimi na Pasta tumefahamiana miaka mingi na sijawahi kumpinga hata katika rangi ya viti. Nikatazama viatu vyangu, ambavyo tayari vilikuwa vimeingia maji.

"Pasta, nimefundisha somo la sita tangu Shiku akiwa mdogo. Kwamba mtu aiache sadaka yake, aende kwa ndugu yake kwanza. Nimelifundisha kwa watu wengi sana. Hakuna hata mmoja amewahi kwenda. Huyu ameenda. Sikujua namna ya kumzuia."

Pasta aliyatazama maji kwa muda ambao kwaya iliutumia kurudia kiitikio. Kisha akasema, "Tuanze na walioko," akarudi mtoni. Wakabatizwa mmoja mmoja, wakitoka wakikohoa na kucheka, na kina mama wakawafunika. Mama Nekesa akamfunika binti mmoja ambaye mama yake alikuwa mfupi.

Alasiri tulianza safari ya kurudi katika gari la kanisa. Pasta alikaa mbele. Mimi niliwekwa nyuma na ngoma za kwaya, mahali ambapo sidhani kama palichaguliwa kwa bahati. Tulipita Kimilili bila kusimama, na hakuna aliyeimba karibu nami. Moyoni nilikuwa nikijiuliza itakuwaje ikiwa Wekesa amemfukuza. Hapo nitakuwa nimempotezea Simiyu ubatizo na kaka katika wiki moja, na juu ya hayo nimekula kuku wake.

Karibu na Kamukuywa simu yangu ikalia. Alikuwa Simiyu.

"Mwalimu, tumekula."

"Mmekula?"

"Tumekula."

"Mlikula nini?"

"Maharagwe. Tulingoja wateja waishe mpaka saa hii, na kuku ilikuwa imeisha."

Nikamuuliza Wekesa amesema nini.

"Hajasema kitu. Nilimwambia yale nilikuwa niseme siku ya kuzika. Alisikiliza tu. Akachukua kijiko akaniongezea maharagwe." Nyuma yake nilisikia vyombo vikigongana na sauti ya Wekesa ikimwambia jambo. "Mwalimu, anauliza kitu. Anauliza, siku nitabatizwa, anaweza kusimama karibu na maji, ama hapo ni pa watu wa kanisa pekee?"

Swali hilo halikuwa langu kulijibu. Nilipaza sauti kupita ngoma zote, nikamuuliza Pasta kama lilivyoulizwa. Pasta alikaa akiangalia mbele mpaka tukapita kilima kizima. Huenda alikuwa akimkumbuka yule mzee aliyerudishwa langoni, ikiwa habari zile zilikuwa zimemfikia.

"Mwambie asimame mbele," akasema. "Mbele ya kwaya."

Nikamwambia Simiyu, naye akamwambia Wekesa. Nikamsikia Wekesa akikohoa na kumwita mtu aje aondoe sahani.

Magharibi nilifika Kibomet. Kuku wangu walikuwa wamenenepa. Mama Shiku aliuliza masomo yalikwendaje, nikamwambia la kumi na mbili sikulifundisha, palikosekana nafasi. Nikamsimulia yote, na nilipofika kwenye firigisi ilimbidi akae chini.

"Kwa hivyo ulienda kuwakuza watu," akasema alipoweza kuongea. "Wewe mwenyewe umekua?"

Nilifikiri. Kwa miaka yote hiyo nilidhani kukua katika imani ni kuyajua masomo mpaka yanakutoka usingizini. Sasa nadhani mtu anaweza kuyajua yote na bado akanyoosha mkono kwenye bakuli ambalo hajauliza ni la nani. Tena nadhani mwanafunzi anaweza kumpita mwalimu barabarani, na kazi ya mwalimu ikabaki kusimama mtoni na kueleza kwa nini mtu huyo hayupo. Ni kazi ndogo, inalowesha viatu, lakini kuna mtu lazima aifanye.

"Mimi sijui," nikamjibu. "Lakini nimemwona mtu akikua, Mama Shiku, na nilikuwa karibu."

Aliniuliza kama nitarudi huko siku ya ubatizo wa Simiyu. Nikamwambia nitarudi, na kwamba safari hii nitauliza kwanza niketi wapi.